Thurman Oakes wa Pili

Fort Dix, New Jersey
9 Septemba 1956

Cleophus,

Wamenikata nywele. Zile nilizozitia dawa wiki nzima ili tupige picha, wamezifagia kama manyoya ya mbuzi. Tunapanda meli ya Ujerumani mwezi ujao, na huko nitakaa mpaka miaka yangu miwili iishe. Haya, serikali ikikuita unaitika.

Sasa sikiliza, na usikilize mpaka mwisho, maana wewe ukiambiwa jambo una tabia ya kusikia nusu. Lanvales ni sisi wanne: mimi, wewe, Hosea na Purnell. Tumezaliwa mtaa mmoja, tumeanza kuimba kwenye ngazi moja, na sauti inayoongoza ni yangu. Unaijua desturi ya kona zote za Baltimore: aliyechukuliwa jeshini hatolewi kundini. Anashikiwa nafasi. Huyo Elwood Pinkney mliyemtoa kwenye kwaya ya kanisa anashika tu, na kushika si kumiliki.

Kwa hiyo aimbe kama mimi. Sisemi afanane nami, nasema awe mimi. Kwenye wimbo wetu "Nangoja Ngazini" avute pumzi baada ya neno "mvua", si kabla. Ile noti ya mwisho aipandishe juu kabisa kwa sauti nyembamba, ahesabu mpaka nne, aiache. Asiniletee mbwembwe za kanisani. Akiimba kwa mtindo wake, watu watamzoea yeye, na mimi nikirudi nitakuwa mgeni. Akiimba kama mimi, nikirudi hakuna atakayejua niliondoka.

Koti langu la waridi avae, lakini ole wake aguse mikono ya koti kwa mkasi.

Thurman Oakes


Baltimore
18 Novemba 1956

Thurman, bwana mkubwa,

Nakupigia saluti kutoka huku kwa raia. Mama yako mzima, Odessa dada yako mzima na mdomo wake mzima vilevile.

Mazoezi bado tunafanyia kwenye choo cha wanaume cha jumba la michezo, maana vigae vya pale vinarudisha sauti kuliko studio yoyote. Msimamizi ametufukuza mara mbili, na mara tatu nimemkuta amesimama mlangoni anasikiliza.

Nina habari moja, usirushe meza. Hosea ametoka. Mungu amemwita kuhubiri. Amemwita Jumapili, na sisi tulikuwa na onyesho Jumatatu. Sisemi kitu juu ya Mungu, lakini siku moja tu angengoja. Tumemtia kijana wa Mtaa wa Mosher. Sauti anayo, masikio ndiyo hana.

Huyo Elwood wako ni mtiifu mpaka anaudhi. Nilimsomea barua yako, akaiomba, akainakili kwa mkono wake na kuibandika kwenye kioo anachonyolea ndevu. Kila asubuhi anakusoma wewe. Jana alivuta pumzi baada ya "mvua" mpaka nikageuka kuangalia kama umetoroka jeshini.

Kiti chako kipo, bwana. Usiwe na wasiwasi.

Cleophus Gaskins


Kaiserslautern
20 Januari 1957

Cleophus,

Kwa hiyo mtu akiokoka tu anawaacha wenzake na onyesho la kesho yake? Mwambie Hosea kwamba nitakuja kumsikiliza akihubiri, nikae mstari wa mbele, nipige miayo.

Huku baridi imeingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa hospitali ya kambi wiki mbili kwa ajili ya koo. Si kitu, usimwambie Mama.

Elwood ananisumbua kichwani hata huku. Mwambie ile noti ya mwisho sasa aishike mpaka sita badala ya nne. Niliwaza hivyo nikiwa nimelala. Nikirudi ndivyo nitakavyoiimba, basi watu waanze kuzoea. Na akishuka, ashuke polepole, asidondoke kama gunia la mkaa.

Purnell asifanye upuuzi. Huyo nikimpoteza, tumebaki wewe na mimi.

Thurman Oakes


Baltimore
2 Aprili 1957

Thurman ndugu yangu,

Umeniambia Purnell asifanye upuuzi. Ameoa.

Mkewe alimwambia, "Mimi au kundi." Purnell akafikiri dakika nzima, na hiyo dakika mkewe hajamsamehe mpaka leo. Lakini kundi ndilo lililoachwa. Sauti ya kati sasa anaiimba mtu mmoja wa bandarini, mwema, ila akikohoa taa zinatikisika.

La pili. Tumepata meneja, Bwana Haskell Dunmore, yule mwenye duka la sahani za santuri pale barabara ya Avenyu, anayevaa pete kwenye kidole gumba. Ametusajilia jina la Lanvales kwa maandishi, mambo ya sheria, mimi sikuyaelewa yote. Alituingiza studio siku moja, kujaribu mitambo tu. Hakuna cha maana.

Kuhusu noti, Elwood anafika sita. Siku nyingine anafika nane, namkanya.

Unaendeleaje na koo? Hukuniambia uliugua nini.

Cleophus


Baltimore
16 Juni 1957

Kaka Thurman,

Mimi siandiki barua za kuzunguka, huo ni ufundi wa Cleophus.

Uko redioni. Yaani siye wewe, lakini uko. "Nangoja Ngazini" inapigwa mara tano kwa siku, na kila ikiisha mtangazaji anasema, "Huyo ni Thurman Oakes na Lanvales, vijana wetu wa Baltimore!" Mama alikuwa ameinama anasugua ngazi za mbele, akaitupa brashi, akaingia ndani na magoti yenye maji, akakaa mbele ya redio analia. Kisha akawapigia simu dada wote wa kanisani. Mimi kabla ya mstari wa pili nilishajua siye wewe. Anapumua unapopumua, anapanda unapopanda, lakini wewe ukiimba neno "mpenzi" huwa unadanganya kidogo, na huyu hadanganyi.

Nikaenda ukumbini kuhakikisha. Bango limeandikwa jina lako, herufi kubwa kama mlango. Likatangazwa jina lako. Akatoka mtu mwingine kavaa koti lako la waridi! Nikasimama nikapiga kelele, "Huyo siye!" Mwanamke mmoja nyuma yangu akanivuta gauni. "Kaa chini binti, wivu utakuua."

Mama nimemwacha aamini. Anaweka sahani yako ya keki za kaa Ijumaa, anasema hata mtu maarufu lazima ale. Ningemwambiaje?

Mwulize rafiki yako Cleophus. Mwulize vizuri.

Dada yako,
Odessa


Kaiserslautern
5 Julai 1957

Cleophus Gaskins, mwongo wewe,

"Kujaribu mitambo tu." Mitambo gani hiyo inayosikika mpaka jikoni kwa mama yangu?

Ngoja nikupe ya huku. Tulikuwa tunamenya viazi, mimi na koplo mmoja wa Detroit aitwaye Mabry, katoka likizo juzi. Akaanza kupiga mluzi wa wimbo wetu. Nikamwambia, "Huo ni wangu." Akacheka. Nikamwambia, "Thurman Oakes ni mimi, soma hapa kifuani." Akasoma. Akasema, "Basi mna jina moja, kaka, maana Thurman Oakes nimemwona kwa macho yangu Detroit mwezi uliopita, mrefu kukupita, na ana meno."

Ana meno! Mimi nina nini mdomoni, mawe?

Nikamwimbia palepale, wimbo wote, na kisu cha viazi mkononi. Wapishi wakaacha kazi. Nilipomaliza, Mabry akafikiri, akasema kwa huruma, na huruma yenyewe ndiyo iliyonichoma, "Si mbaya. Unamwiga vizuri. Lakini Thurman mwenyewe ile ya mwisho anaishika. Wewe umeikwepa." Nikamrushia kiazi.

Niliikwepa kwa sababu nilikuwa nimechoka.

Sasa nijibu maswali mawili, bila utani wako. Nani aliruhusu jina langu? Na kiti changu bado ni changu?

Thurman Oakes, yule aliyezaliwa na jina hilo


Baltimore
11 Agosti 1957

Thurman,

Bila utani, basi.

Dunmore alisema watu wa redio wanalijua jina la Thurman Oakes tangu tuliposhinda mashindano ya Pasaka, na Elwood Pinkney hajulikani hata na paka. Akasema sauti ni ileile, jina libaki lilelile. Nilikataa. Nilikataa siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza kama nataka kurudi kiwandani kupanga makopo, nikalegea. Hilo ndilo kosa langu, na sikukuandikia kwa sababu niliona aibu.

Lakini na wewe, bwana, jitazame. Nani alisema asitofautiane nawe hata pumzi? Uliandika, mtoto akabandika kwenye kioo. Tulifanya ulivyotaka, tukapitiliza.

Na usidhani Elwood anafurahi. Dunmore amemkataza kutaja jina lake popote penye watu. Bibi yake mzaa mama alikuja nyuma ya jukwaa na wenzake wanne wa kanisani, wakiwa na kofia zao za Pasaka. Ikabidi mtoto awasainie picha "Thurman Oakes", bibi mwenyewe akimtazama mkono. Nilitoka nje nisione.

Jibu la pili. Kiti ni chako. Nakuapia. Siku utakayovua magwanda, Elwood anatoka, unaingia. Nimemwambia, amekubali. Dunmore hawezi kukataa, maana jina lenyewe ni lako.

Cleophus


Kaiserslautern
23 Februari 1958

Cleophus,

Wananiachia wiki chache kabla ya miaka miwili kutimia, natoka jeshini katikati ya Agosti. Kabla sijafika, huyo mtu awe ameshaondoka. Sitaki kumkuta, sitaki kupeana naye mikono, sitaki anikabidhi koti langu kama mhudumu wa hoteli. Na mpaka siku hiyo aimbe kama nilivyoagiza. Nasikia ameanza kushika ile noti mpaka nane. Nani kamtuma? Sita nilisema!

Mmenila jina. Kiti sitawaachia.

Thurman Oakes


Baltimore
13 Julai 1958

Kaka Thurman,

Hatujaonana, na samahani kwa kukuandikia bila ruhusa. Mimi ni Elwood Pinkney, niliyekushikia nafasi.

Kaka Cleophus alinisomea barua yako ya Februari. Alitaka kuruka sehemu, nikamwomba asome yote. Nimekaa nayo muda mrefu. Kaka, mimi nina miaka ishirini na miwili, na nilikuwa sijawahi kuimba wimbo mmoja kwa sauti yangu mbele ya watu wasio wa kanisani. Nilijifunza kukupenda kwa sababu ya kukuiga. Baadaye nikaanza kukuchukia, na hata katika kukuchukia nilikuwa navuta pumzi pale unapovuta wewe.

Jumamosi iliyopita, Washington, nilisogea kwenye maikrofoni nikasema, "Mabibi na mabwana, mimi naitwa Elwood Pinkney." Kisha nikaimba "Nangoja Ngazini" nijuavyo mimi. Wengine walicheka wakidhani ni mzaha. Wengine wakazomea, wakaita, "Tupeni Thurman!" Lakini kwenye mstari wa tatu kulikuwa na mzee mmoja aliyefumba macho mpaka mwisho, na huyo ananitosha. Dunmore alinisubiri nyuma na maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa kalamu niliyonunuliwa na bibi.

Nimetoka kundini. Koti lako nimelifua, nimelipeleka kwa dada yako. Mikono sikuigusa.

Tarehe thelathini Agosti kuna onyesho kubwa pale ukumbi wa Avenyu. Mabango yameshabandikwa, "Thurman Oakes na Lanvales". Safari hii bango litasema kweli. Nafasi yako iko wazi.

Kwa heshima,
Elwood Pinkney


Kaiserslautern
24 Julai 1958

Clee,

Ukae kabla hujasoma.

Siwezi kuimba tarehe thelathini. Noti ile sina. Sina tangu Januari ya mwaka jana. Daktari wa jeshi alinikata mafundo ya koo, na nilipoamka nikajaribu kuipandisha chini ya blanketi, ikatoka hewa tupu. Nikajaribu wiki, mwezi, mwaka. Kuanzia kati kushuka chini ninayo sauti nzuri tu, nadhani nzuri kuliko zamani. Juu hakuna kitu. Mabry hakukosea hata chembe.

Ile barua niliyosema aishike mpaka sita, niliiandika siku ya nne baada ya kukatwa. Nilidhani nikimwagiza itakuwa bado yangu. Mwaka mzima na nusu nilikuwa namwagiza mtu afanye jambo nisiloliweza, namkaripia akilifanya vizuri kunizidi, na kumfukuza kwenye kiti nisichoweza kukikalia. Mungu anisamehe, maana mimi nimeshindwa kujisamehe.

Kimbia kwa Elwood. Mpigie magoti ikibidi. Mwambie arudi, kiti ni chake.

Thurman


Baltimore
6 Agosti 1958

Thurman,

Mpumbavu wewe. Mpumbavu mkubwa! Ungeniambia mwaka jana ningecheka, ningelia, tungepanga. Mtoto angekuwa bado yupo. Nimeisoma barua yako nikapiga meza ngumi mpaka mke wangu akauliza nani kafa.

Lakini na mimi nilikuficha la santuri, basi tumefichana sawa, tunyamaze wote.

Nilikwenda kwa Elwood. Bibi yake ndiye aliyefungua mlango, akanitazama kama mtu aliyekuja kuuza nyama mbovu. Elwood akanisikiliza vizuri, akaniuliza swali moja tu. "Nirudi kwa jina la nani?"

Nikaenda kwa Dunmore kumwambia tunataka Elwood arudi kwa jina lake. Akanionyesha karatasi. Lanvales ni yake, na jina la Thurman Oakes la jukwaani pia, mali yake kama hilo duka. Akasema wewe, mimi na Elwood tunaweza kwenda kuimba tunakotaka, ila si kwa jina hilo. Amekwisha kuleta vijana wanne kutoka Wilmington. Mmoja ni mrefu, ana meno, na tarehe thelathini ataitwa Thurman Oakes.

Huyo ni wa tatu. Mnazidi kuongezeka.

Nimemvulia kofia nikatoka. Mimi na Elwood tunaanza upya, tumempata na mtu wa sauti ya pili. Wewe rudi salama.

Cleophus


Baltimore
7 Septemba 1958

Elwood,

Nimefika mlangoni kwako mara mbili nikarudi. Mdomo wangu una kiburi kuliko mkono, ndiyo maana naandika, ingawa ninakaa mitaa sita tu kutoka kwako.

Nilikwenda kwenye onyesho la tarehe thelathini. Nilikata tiketi nikaketi na Mama, kwa sababu alisema haiwezekani jina la mwanawe liwe ukutani asiende. Akatoka yule wa Wilmington. Mama akanitazama mimi niliyekaa ubavuni pake, akamtazama yule, akanitazama tena. Tukatoka nje. Hapo akaniuliza, "Na yule wa redioni, aliyenitoa machozi, alikuwa nani?" Nikamtajia jina lako. Akalirudia mara mbili ili asilisahau. Anataka umletee bibi yako siku moja wale pamoja.

Cleophus ameniambia mna watu watatu na mnatafuta sauti ya kati. Naiomba. Sitaki jina mbele, sitaki koti, sitaki kuwekewa kiti kwa sababu ya zamani. Nisikilize kama unavyomsikiliza mtu aliyetoka barabarani, useme unavyoona. Utakachoagiza nitaimba.

Na samahani. Nilikutumia kila agizo isipokuwa hilo neno.

Thurman Oakes


Baltimore
10 Septemba 1958

Kaka Thurman,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Mara ya pili nilitaka kuirudisha ilivyo. Mara ya tatu nilimsomea bibi, naye akasema, "Mtu akiomba, asikilizwe. Kupewa ni jambo jingine."

Njoo Alhamisi ijayo saa kumi na moja jioni, chumba cha chini cha kanisa letu. Siahidi kitu. Kuna mtu mwingine naye anaitaka nafasi hiyohiyo, na sauti yake ya kati ni nzuri sana. Nitawasikiliza wote wawili, yeye kwanza, maana aliomba kwanza. Kaka Cleophus atakuwepo ila nimemwambia asiseme neno.

Usijiandae na "Nangoja Ngazini". Hatuiimbi tena.

Elwood Pinkney